Siafu wa Bafuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasiva alivaa patipati zake za mpira akaingia bafuni na taulo kavu begani. Taulo hiyo haikuwa ya kujifutia maji. Ilikuwa ya kushikia mfereji. Aliyesahau akaushika mfereji kwa mkono mtupu aliumwa vidoleni, kisha mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko. Nyumbani kwao, pale Kibwezi, mchomo huo uliitwa siafu.

"Leo siafu wameamka mapema," Baba alikuwa akisema akitoka kuoga huku akikung'uta mkono, na nyumba nzima ikicheka. Waliinunua nyumba ikiwa na siafu hao, wakawazoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Kilichomkera Kasiva ni uchafu. Kuta za bafu zilikuwa zimeota ukungu mweusi, na plasta ilibanduka ikadondokea ndani ya ndoo. Mwezi uliopita wenzake wa kwaya walipowatembelea, Wavinya aliingia kunawa akatoka amejiziba pua.

"Kasiva, humu mnaoga ama mnafuga bata?"

Wenzao walicheka hadi wakashikana mabega. Basi Baba alipomleta fundi Ndululu abandike vigae vyeupe, Kasiva ndiye aliyefurahi kuwashinda wote. Kwaya ingerudi Jumapili.

Siku ya Ijumaa alipotoka shule alipitia bafuni kutazama kazi. Uvundo ulimpokea mlangoni. Ndululu alikuwa amebomoa plasta chini ya shawa ya umeme, na ndani ya ukuta mlikuwa na kiota cha panya: manyoya, mavi, matambara yaliyoloa mkojo. Panya mmoja alikuwa amekauka akiwa ameuma waya, meno bado yamekaza. Waya zenyewe zilikuwa kuukuu, mpira wake umemenyeka kama ngozi yenye ukoma, shaba iko wazi. Mahali zilipoungwa palikuwa pamefungwa kwa nailoni ya mkate. Waya moja ililalia bomba la maji, na bomba lilikuwa likitoa jasho.

Kasiva alizinyooshea waya kidole.

"Fundi, hizi waya hazitatengenezwa?"

"Na nani? Mimi ni wa vigae, si wa stima," Ndululu alisema huku akikoroga saruji. "Taa si zinawaka? Basi. Vigae vikikaa hapa hakuna mtu ataona."

"Na huyo panya?"

"Huyo amejengewa kaburi la kitajiri." Akatupa mwiko wa saruji juu ya panya, waya, mavi na yote. "Na usiende kumwambia mzee wako. Ataita fundi mwingine, kazi isimame, na hao wageni wako wa Jumapili wapate bafu limebomoka."

Kasiva alijua kwamba hilo ni ovu. Lakini alimkumbuka Wavinya na pua yake, akanyamaza. Jioni hiyo hakula. Kila alipoutazama mchuzi aliyaona yale meno.

Kufikia Jumamosi alasiri bafu lilikuwa linametameta. Mama alilisafisha kwa maji mengi, kisha akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Sheria ni moja. Hakuna patipati humu tena. Matope yenu yaishie hapa nje. Ni miguu mitupu."

"Basi Susu aoge wa kwanza," Baba alisema. "Yeye ndiye mkubwa."

Susu, mama yake Baba, alikuwa amefika siku hiyo kutoka Zombe. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za taulo. Alivua viatu, akajifunga leso, akaingia. Kasiva aliziona nyayo za bibi yake zikikanyaga vigae vilivyoloa, na hapo akaelewa kwamba siafu walitoka kwenye zile waya zilizogusa bomba. Mpira wa patipati ndio uliokuwa ukiwakinga miaka yote, na sasa Mama ameuondoa. Susu akanyoosha mkono kuelekea mfereji.

Kasiva aliruka akaivuta leso kwa nguvu zake zote. Bibi alipepesuka kinyumenyume akaangukia mikononi mwa Baba.

"Umerukwa na akili?" Baba aliuliza.

"Baba, zima stima. Zima kwanza, halafu unichape."

Baba alizima swichi kuu. Kasiva akaeleza yote: panya, nailoni, waya juu ya bomba, maneno ya Ndululu. Akamalizia kwa sauti ndogo, "Na mimi niliona nikanyamaza. Nilitaka bafu liwe tayari."

Baba alichukua nyundo na patasi akavipasua vigae vipya. Uvundo ulipofumuka, Mama alikimbia nje akatapika kwenye migomba.

Kilonzo, fundi wa umeme, alifika kabla ya jua kutua. Alivuta waya moja, mpira wake ukavunjika vipande vipande mkononi mwake. "Hiyo mnayoita siafu ni stima ikitafuta pa kupitia," alisema. "Huyu mama, miguu mitupu, kwenye maji, ingempitia moja kwa moja." Alikata umeme wa bafu, akaahidi kuja Jumatatu kuondoa waya zote za nyumba.

Ndululu alipoitwa alitazama lile shimo akasema, "Lakini vigae vyangu vilikuwa vimenyooka, mzee." Baba alimwonyesha lango.

Jumapili kwaya ilikuta ukuta umeachama. Kasiva aliona aibu, ila aliwapeleka mwenyewe na kuwaonyesha. Wavinya alichungulia ndani ya shimo.

"Hata kwetu mfereji hututekenya," alisema. "Huwa tunacheka."

Mama alikuwa nyuma yao. "Nasi tulicheka," alisema. "Kila asubuhi tulionywa, tukafanya mzaha. Kasiva naye aliona uozo, akanyamaza ili ukuta upendeze. Sote tulikosea, ila yeye alisema ukweli kabla hatujazika mtu, tena akijua ataadhibiwa. Kitu kikioza, wanangu, msikifunike. Semeni, hata kama wageni wako mlangoni. Wavinya, leo ukifika nyumbani, mwambie mama yako."

Jumatatu asubuhi Kilonzo alipofika na waya mpya, mama yake Wavinya alikuwa ameshasimama langoni akimsubiri.