Mapigo Sabini na Nane

Kitanda cha tisa hakikuwa na mtu tangu asubuhi, ila shuka lake lilikuwa na joto. Firdaus alilipapasa mara mbili, akauondoa mkono upesi.

Sababu aliijua. Saa nne asubuhi Sista Aloyo, msimamizi wa wodi, alitaka chati zote, na Firdaus, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa na wagonjwa ishirini peke yake. Mwingine angesema, "Sista, sijamaliza." Firdaus? Thubutu! Huyo binti hata akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Akamtazama kwa mbali mzee wa kitanda cha tisa, akamwandikia mapigo sabini na nane bila kumgusa. Kumbe! Wauguzi walipomfunua, mwili ulikuwa umeshakakamaa. Firdaus akanyamaza, maana anayebuni vipimo hufukuzwa chuo.

Saa nane mchana, saa ya vipimo tena, shuka tupu likainuka, likashuka. Harufu ya udi na udongo mbichi ikampanda puani.

"Mzee alishaondoka," sauti ikanong'ona. "Uliyemwandikia mapigo ni mimi. Nipe."

Vidole baridi vikamshika kifundo cha mkono vikaanza kuhesabu, na kila pigo lililohesabiwa alilihisi likimtoka, akataka kupiga kelele sauti ikagoma, akataka kukimbia miguu ikagoma, huku wagonjwa wakisinzia pande zote na boda zikipiga honi kwenye barabara ya Luzira kana kwamba hakuna kitu. Kisha vidole vikamwachia.

"Firdaus, uko unatetemeka sana," Blandine, mwanafunzi mwenzake Mkongo, alimnong'oneza koridoni baada ya kuambiwa yote. "Sema na Sista! Mimi ningesema mbele ya watu wote."

"Watanifukuza. Mama aliuza cherehani yake ili nisome."

"Na ukikufa, utasoma?"

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kipimo kingine, Firdaus alijikaza akaingia ofisini, akalia, akasema kila kitu. Sista Aloyo akaichukua chati, akaikata ile sabini na nane kwa wino mwekundu. Wodini kitanda cha tisa kikalia kwii, kikanyamaza.

"Kesho tutaongea na mkuu wa chuo," Sista akasema kwa upole. "Lete mkono, umepauka."

Akamshika kifundo, akatazama saa. Dakika ikapita. Akahamia mkono wa pili.

"Banange, jamani," akanong'ona. "Binti, sipati kitu."

Nipo, Sista, Firdaus alitaka kusema, nipo humu ndani. Lakini kinywa chake kilifunguka chenyewe, ofisi ikajaa harufu ya udi.

"Andika tu sabini na nane, Sista."