Zimwi Lililolegezwa

Ukumbi wa maonyesho ya gemu ulijaa, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Kwenye meza ya kona, mwanamke wa gauni la njano alikuwa akicheza gemu ya kutisha. Zimwi lilipochomoza mlangoni alipiga ukelele, akamrukia mtu wa karibu. Kwa bahati, au kwa balaa, ndiye fundi aliyelitengeneza.

"Samahani kaka, nimekupaka wanja shati zima!"

"Usijali. Ukelele ule ndio mshahara wangu."

Mwanamke huyo alikuwa mhakiki wa gemu mtandaoni. Wachezaji walimwita Bi Lawama, na walinunua au kuacha kwa neno lake. Basi mapenzi hayakukawia. Kila Jumamosi alikwenda chumbani kwa fundi kuijaribu gemu kabla haijatoka.

"Mpenzi, mbona mikono ya baridi hivyo?"

"Zimwi lako hilo! Niache nicheze, bwana."

Hapo ndipo bwana fundi alipofanya ujinga, na ujinga wa mapenzi hauna dawa. Kila alipomwona mpenzi wake akitetemeka, akishaondoka alilipunguzia zimwi makali. Leo mbio, kesho masikio, keshokutwa macho. Bi Lawama alidhani amezoea tu.

Gemu ikatoka. Bi Lawama akaicheza yote, kisha akasema mbele ya watazamaji wake:

"Aliyeitengeneza ni mpenzi wangu, lakini simwonei haya. Sauti za nyayo zinasisimua mwili. Kurunzi inaishiwa betri pale unapoihitaji, raha tupu! Ila zimwi, jamani, ni kipofu na kiziwi. Unalipita puani, limesimama tu. Woga unaisha mapema. Msinunue kwanza."

Simu yake ikalia hapohapo, ni fundi.

"Umenianika hadharani!"

"Nimesema ukweli. Ungetaka niwadanganye watu?"

"Nililegeza kwa ajili yako! Ulikuwa unatetemeka!"

"Kumbe ni wewe? Nani alikuomba? Mimi napenda kuogopa! Umeniona mtoto?"

Bi Lawama akakata simu. Aliumia kweli, maana alimpenda, na mtu anayempenda alikuwa amemwamulia mambo bila kumwuliza. Wiki zikapita, kila mmoja amenuna kwake.

Fundi alikwenda kumlalamikia dada yake, mshonaji. Dada hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Mdogo wangu, umeicheza hiyo gemu yako?"

"Nimeitengeneza, dada."

"Sikukuuliza hilo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nenda kacheze."

Akacheza. Kufika katikati, akapiga miayo. Aibu ilimshika hata peke yake chumbani. Akalirudishia zimwi ukali wote, akasambaza marekebisho, kisha akapiga simu.

"Ulikuwa na haki. Nimekukosea, na wachezaji pia."

"Na mimi ilinipasa nikuambie wewe kwanza, kabla ya watu," akasema Bi Lawama, sauti imelegea. "Nilikukumbuka, mjinga wewe."

"Rudi, mpenzi wangu."

"Nitarudi. Ila usinikinge tena bila kuniuliza."

 Fundi akasimama.

"Basi nakuuliza. Nikuoe?"

Upande wa pili Bi Lawama alikwishajibu ndiyo moyoni, na machozi yalikuwa yakimtoka. Akayafuta, akachukua mkoba.

"Hilo si la simu. Nakuja sasa hivi uniulize ana kwa ana," akasema. "Nataka kukuona ukiogopa."