Mtoto Mzito Mgongoni

Fundi alikuwa na cherehani moja, mdomo usiochoka na kiroba cha vipande vya nguo. Cherehani ilikaa dirishani, sebuleni. Kiroba kilikaa nyuma ya mlango. Kila kipande kilichobaki baada ya kukata nguo kiliingia humo.

Asubuhi hiyo alikuwa akipunguza kiuno cha sare ya jirani yake, nesi wa wodi ya majeruhi. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Fundi alipenda kusema kwamba hata nyumba ikishika moto, Taratibu atasalimia kwanza.

"Jirani, umepungua," Fundi alisema.

"Kazi, dada yangu. Wiki hii tumepokea watatu waliopigwa risasi."

"Majambazi hawana utu!"

"Hapakuwa na jambazi. Wawili ni watoto waliochezea bastola ya nyumbani. Wa tatu ni bwana aliyekuwa akisafisha ya kwake." Taratibu akamtazama. "Na hapa kwako, kuna silaha?"

Aliuliza kama anavyouliza watu kama wana chandarua. Hakulaumu wala hakunong'ona.

"Ipo," Fundi alisema. "Mume wangu ana kibali. Aliinunua wezi walipovunja duka lake la vipuri. Aliiweka chini ya godoro, nikakosa usingizi. Jana niliitoa na kuificha kwenye kiroba." Akacheka, amejipenda kwa werevu wake. "Mwizi gani atapekua vipande vya nguo?"

"Mwizi hapana," Taratibu alisema. "Mjukuu wako je?"

Fundi akageuka. Kiroba kilikuwa wazi.

Kila siku mjukuu wake wa miaka mitano alichukua vipande humo, akaviviringisha, akabeba "mtoto" mgongoni. Sasa alikuwa akitoka ukumbini, amefunga kitambaa chekundu. Fundo lilimvuta kifuani.

"Bibi, leo mtoto wangu mzito," alisema.

Mpini mweusi ulichungulia kwenye kitambaa.

Fundi aliinuka ghafla. Alitaka kupiga kelele. Taratibu akamshika mkono.

"Nyamaza," alinong'ona. "Akishtuka, ataishika."

Kisha akamgeukia mtoto kwa sauti ya kawaida. "Mama, mtoto wako amelala?"

"Eeh."

"Basi tusimwamshe. Simama hapo hapo, ushike masikio yako. Nakuja kumpokea."

Mtoto akacheka, akashika masikio. Taratibu alimwendea kwa ubavuni, hatua kwa hatua. Mkono mmoja uliishikilia bastola kwa nje ya kitambaa, mdomo wake ukielekea ukutani. Mkono wa pili ulifungua fundo. Akailaza chini, akawatoa wote nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Fundi alikuwa amemcheka mwanamke huyu miaka mingi kwa uzito wake wa kutembea. Siku hiyo alimshukuru Mungu kwa uzito huo.

Mume wa Fundi alipigiwa simu, akaja mbio kutoka dukani.

"Mbona mnahangaika?" alisema. "Haina risasi. Kikasha cha risasi ninacho mimi." Akapiga mfuko wake.

"Basi tuhakikishe, shemeji," Taratibu alisema. Mtoto akabaki uani, wao watatu wakaingia na ndoo ya mchanga. "Elekeza humu. Kidole kikae mbali na kifyatulio."

Mume akavuta sehemu ya juu ya bastola. Risasi moja iliruka, ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka kwenye mguu wa cherehani.

Yule bwana hubishana na wateja tangu asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo aliketi chini kando ya risasi ile.

"Ajali haina kinga," alisema kwa sauti ndogo.

"Hii inayo," Taratibu akajibu. "Kikasha kikitoka, risasi moja inaweza kubaki ndani. Ndiyo maana kila bastola ichukuliwe kuwa ina risasi. Na kuficha siyo kufungia. Watoto wanajua kila pembe ya nyumba kuliko sisi. Anayebaki na silaha aitoe risasi zote na kuifungia kwenye sanduku la chuma. Risasi zifungiwe mahali pengine. Funguo zikae kwake."

"Kwa ajili ya watoto tu?" Fundi aliuliza.

"Hata wakubwa. Kuna hasira za ugomvi. Kuna mtu aliyekata tamaa ya maisha. Kufuli humchelewesha, na katika kuchelewa huko ndugu humfikia. Wodini tunashona majeraha. Lakini wengine hawafiki wodini, dada yangu. Hao ndio wanaoniuma."

Mume alimtazama mjukuu wake kupitia dirishani. "Niliinunua ili niwalinde hawa," alisema. "Mchana kutwa niko dukani. Ilikuwa inamlinda nani?"

Hakusubiri jibu. Alipiga simu kituo cha polisi, akaeleza, akaomba maelekezo ya kuirudisha. Siku hiyo hiyo askari walikuja kuichukua pamoja na risasi zake, wakamwandikia stakabadhi. Dukani aliweka kufuli kubwa na taa mbili.

Tangu hapo Fundi alipata matumizi mapya ya mdomo wake. Kila mteja aliyesimama kupimwa kifua aliulizwa: "Nyumbani kuna silaha? Imefungiwa?" Wengine waliguna. Lakini mama mmoja alirudi na kusema mumewe amekwisha kununua sanduku la chuma.

Taratibu alipofuata sare yake, alimkuta Fundi akimalizia mwanasesere wa vipande vya nguo. Mjukuu alimfunga mgongoni, akazunguka sebule mara mbili, kisha akasimama.

"Bibi, huyu mwepesi sana."

Fundi alimvuta, akamkumbatia, machozi yakamtoka bila aibu.

"Ndiyo, mjukuu wangu," alisema. "Na awe mwepesi hivyo hivyo."