Kosa Lisomeke Bado

Saa mbili kasoro dakika tatu asubuhi, mlango wa karakana ya uhandisi ulisongwa na wanafunzi kama duka lililotangaza bei ya kutupa. Mbele yao alisimama mhadhiri wa masomo ya vitendo, mama mfupi mwenye miwani mikubwa. Walimbatiza Bi Dakika, maana saa mbili ikifika anafunga, hata uwe mtoto wa nani.

"Wewe wa gauni la njano! Karatasi ya masharti umeisoma?"

"Nimeisoma, Mwalimu."

"Sharti la pili linasemaje?"

Msichana akatazama vidole vyake vya rangi nyekundu vikichungulia kwenye sandali za kumeta. Viatu vya kufunika mguu! Aliisoma kweli, lakini asubuhi ile shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa amemmalizia lile gauni. Sasa gauni kama lile nani alivalie mabuti?

"Dada, chukua haya." Kijana mrefu aliyevaa raba alichomoa jozi ya mabuti mkobani.

"Haya ni mabuti au mitumbwi?"

"Namba arobaini na nne. Panda tu, nahodha."

Akaingia akiburuza miguu, darasa zima likicheka, yeye akicheka kuliko wote. Kuanzia hapo akaitwa Buti. Wakapangiwa meza moja, naye akambandika mwenzake jina la Pasi, kwa kuwa mwandiko wake ulinyooka kama umepigwa pasi. Baba yake kijana alikuwa mchora mabango, na mwanawe alishika brashi kabla ya kalamu.

Mwezi wa pili simu zikaanza.

"Umekula, Buti wangu?"

"Nimekula. Wako tangu lini?"

"Tangu namba arobaini na nne."

Sauti ya shangazi ikapenya kutoka kwenye cherehani: "Mwambie huyo wa mabuti sikio lako litaungua!"

Ikafika siku ya kupima boriti ya chuma. Wanatundika uzito, boriti inapinda, mshale wa kipimo unasogea, Pasi anasoma namba, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake. Mara tatu Pasi alisoma ovyo, kwa kuwa macho yalikuwa kwenye shavu la mwenzake. Wote wakasahihisha kama sharti la tano linavyotaka: kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja lisomeke bado, pembeni sahihi na saa. Ukurasa ukajaa makovu.

Jioni Pasi ndiye aliyebeba madaftari kwenda kuyakabidhi. Akaufungua ukurasa wa Buti, roho ikamuuma. Mrembo yule na ukurasa ule? Akatoa wino mweupe wa kufutia, akayafunika makosa yote matatu kwa ustadi wa baba yake. Mapenzi yalimsahaulisha sharti la tano, kama gauni lilivyomsahaulisha mwenzake la pili.

Jumatatu daftari la Buti likarudi na sifuri nyekundu: *Umeficha nini? Njoo ofisini, saa nane mchana.* Na sifuri ya vitendo maana yake kurudia mwaka.

"Umefanya wewe hivi?" Buti aliuliza, akimwonyesha ule weupe.

"Nilitaka lipendeze..."

"Na lako mbona hukulipendezesha? Lako liko salama, langu limekufa! Ulitaka unipite, si ndiyo?"

Akaondoka. Pasi akapiga simu mara saba, ya nane ikapokewa na shangazi.

"Mwanangu analia mpaka vitambaa vya wateja vimelowa. Acha kupiga simu, baba. Fanya kitu!"

Saa nane kasoro robo Pasi alikuwa mbele ya meza ya Bi Dakika, daftari lake mkononi.

"Mwalimu, nimefuta mimi. Yaliyokuwa chini ya ule weupe yapo humu."

Bi Dakika akayalaza madaftari sambamba. Makosa matatu, mistari mitatu, sahihi, saa zilezile.

"Mbona lako hukulifuta?"

"Langu ataliangalia nani? Lake ndilo nililotaka lipendeze."

Buti alikuwa amefika mlangoni. Alisikia yote.

Bi Dakika akashika kalamu, akaipiga ile sifuri mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi na saa, akaandika themanini na sita. "Na wewe, sharti la sita: daftari la mwenzio haliguswi. Nakukata alama ishirini."

"Nimekubali, Mwalimu."

"Utakubalije kwa furaha hivyo? Tokeni, mnanipotezea dakika!"

Kwenye ngazi Buti akamvuta shati. "Mjinga wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu saa nane kamili."

Pasi akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake, akaandika kwa herufi zake za pasi: *Nitamuoa Buti miaka mitatu baada ya kuhitimu.* Akamgeuzia.

Buti alisoma, akampokonya kalamu. Msichana akaikata "miaka" kwa mstari mmoja, neno likasomeka bado. Juu yake akaandika "miezi", pembeni sahihi na saa. Kisha akapiga simu.

"Shangazi, tenga kitambaa cheupe."

"Cha kuolewa na yule wa mabuti?"

"Huyohuyo."

"Basi gauni nitalishona refu, liburuze chini. Nakujua wewe, utaivaa tu ile mitumbwi!"