Kisahani cha Kumi na Mbili

Jioni ile nilikwenda maabara kumrudishia Dokta Sabrina karatasi yake ya ruhusa ya jaribio. Nilikuwa sijaisaini, nilitaka kuona kwanza.

Mwanangu Noeli alianguka na bodaboda njia ya Mtumba. Nje hakuwa na jeraha, ndani kichwa kilivuja damu. Tulimzika siku ya tatu. Dokta akaomba kipande cha ngozi ya pacha wake, Elisha.

"Wamefanana kila kitu, mama. Tutaotesha bongo ndogondogo kutoka kwenye ngozi hiyo, tuzigonge, tujue ubongo huumiaje. Tutaokoa wengine."

Nilisema amina, akakichukua.

Jioni ile, mezani palikuwa na visahani kumi na kimoja. Katika kila kimoja, punje nyeupe, kama uwele uliolowekwa. Juu yake, nyundo ndogo ya chuma. Chumba kilinuka spiriti.

"Usiogope, mama. Hazina macho wala masikio. Haziumii."

Akabonyeza kitufe.

To.

Simu yangu ikaita. Binti yangu Asnath, yuko nyumbani na Elisha, ananong'ona.

"Mama... Elisha kashika kichwa. Anauliza nani kampiga."

To.

"Mama, ameanguka!"

Nilipiga magoti. "Dokta, kwa jina la Yesu, acha! Vimwage vyote!"

"Mama yangu, hii ni kazi ya miezi tisa."

"Ngozi ni ya mwanangu. Vimwage!"

Akanitazama. Akavaa glavu. Akamimina dawa, kisahani kwa kisahani. Punje zikalainika, zikawa utando kama wa maziwa.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Mama, ametulia."

"Bwana asifiwe."

"Ametulia... mno."

Elisha yu hai. Anameza uji nikimlisha. Jina lake halijui, wala langu. Hospitali wamepiga picha ya kichwa, hawaoni kitu.

Nilimrudia Dokta. Alisema bila kuniangalia:

"Visahani vilikuwa kumi na viwili. Kimoja tuliwapa wenzetu, nje ya nchi. Nao wana nyundo yao. Nikiwaandikia, watakimwaga leo."

"Usiandike," nikasema.

Kwa maana siku nyingine, jua likizama, shingo ya Elisha hushtuka. Macho yake hunijia. Hunitambua.

"Mama... nani kanipiga?"

Kisha huondoka tena.

Jana hakushtuka. Juzi pia.

Jua linazama. Nimepiga magoti kando ya kitanda chake, na Mungu anisamehe ninachokiomba.

Bwana, wape nguvu mikono yao.

Wapige.