Neno la Kiingereza Kwenye Koti

Tangu waasi waingie Kisangani na shule kufungwa, kila asubuhi Fatouma alikaa na sindano kando ya cherehani ya baba yake, papa Nassoro, akimshonea mapindo ya nguo kwa mkono. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa. Akili yake ilikuwa kwenye kijitabu cha marehemu babu Feruzi, aliyepiga telegrafu posta. Kilikuwa na maneno ya Kiingereza na alama zake za Morse, nukta na mistari.

"Ulikichoma?" mama Mwanahamisi aliuliza kwa mara ya tatu wiki ile. "Siku hizi mutu anakamatwa kwa redio tu."

"Nilikichoma, mama."

Kumbe kilikuwa chini ya mkeka.

Siku hiyo alipewa koti la mpiganaji. Vidole vikamwasha. Nukta akaifanya mshono mfupi, mstari mshono mrefu: mfupi, mrefu, mrefu... mpaka pindo likabeba neno zima, *water*. Akacheka kimoyomoyo.

Kesho yake mpiganaji akarudi na bunduki, nyuma yake mwenzake wa redio.

"Wee fundi! Huyu anasema iko Morse kwenye koti yangu. Unatumia nani habari?"

"Mimi? Wallahi, sijui kitu!"

"Bon, utajulia kambini. Tembea!"

Mama alimng'ang'ania mumewe shati. Jirani yao Lukumani alichukuliwa hivyohivyo Jumatatu, na mpaka leo mkewe anauliza aliko. Fatouma akisema, pengine watamchukua yeye. Akinyamaza, papa anakwenda.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Papa hajui. Iko 'maji' tu!"

Akakimbia kuleta kijitabu. Mtu wa redio akalaza pindo juu ya ukurasa, akafuata mishono kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha akaguna.

"Iko maji kweli. Mutoto anacheza."

"Anacheza na koti yangu?" mpiganaji akafoka. "Fundi, fumua! Shona tena, nakuangalia."

Papa Nassoro alifumua na kushona tena, akajichoma mara mbili. Wakaondoka na kijitabu cha babu mkononi.

Mama hakumpiga Fatouma. Alimvuta karibu.

"Mkono uliocheza ni wako, Fatouma, lakini shingo ilikuwa ya papa yako. Nikikuambia choma, choma. Na ukinidanganya, rudi useme ukweli mapema, mwanangu, bunduki ikiwa bado iko mbali."