Kilo Sabini za Mama Mkwe

"Usimpandishe mama mizani leo. Nakuomba kwa mapenzi yetu."

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, Shadya akiwa kaunta na abiria watatu mbele yake. Simu kaunta ni marufuku, hilo kila mfanyakazi wa uwanja wa ndege analijua. Shadya aliisomea chini ya meza, huku mkono mwingine ukimrudishia mzee mmoja kitambulisho chake. Haikupita dakika, ukaingia wa pili.

"Mama ana haya, na ni mtu mzima. Apande juu ya chuma mbele za wanaume, kilo zake zitajwe hadharani? Mwandikie sabini. Begi andika kumi na tano, ni nguo na mikate tu, nimelifunga mwenyewe."

Aliyeandika ni Idarusi, mchumba wake. Mama anayetajwa ni Bi Mize, mzazi wa Idarusi, aliyekuja kutoka Pemba wiki iliyopita kumwona mkwe na kumvisha pete. Pete yenyewe ilikuwa kidoleni kwa Shadya, imembana kidogo.

Ndege za Pemba ni ndogo. Ile ya asubuhi ina viti kumi na viwili, na kwa ndege ya namna ile hakuna kinachopanda bila kupimwa. Abiria anasimama juu ya mizani na viatu vyake, begi linafuata, kilo zinaandikwa kwenye karatasi, na rubani huitazama karatasi hiyo akaamua nani akae mbele, nani nyuma, na mizigo ikae wapi. Ndilo jambo la kwanza Shadya alilofundishwa kazini. Kozi yake ya miezi sita Dar ilimfunza kutabasamu, kufunga skafu na kutangaza safari. Mizani alifundishwa hapa hapa Tanga, na msimamizi wake, Dada Praxeda.

"Ukikosea jina, tutalifuta tuandike jingine," Dada Praxeda alimwambia siku ile ya kwanza. "Ukikosea kilo, hutakuwepo humo ndani kuomba radhi."

Hiyo ilikuwa siku themanini na moja zilizopita. Majaribio ya kazi ni siku tisini. Zilibaki tisa tu Shadya apate barua ya ajira, binti wa kwanza wa mtaa wao kule Nguvumali kuvaa sare ya ndege. Mama yake alishawatangazia majirani, hata wasiouliza.

Bi Mize akafika kaunta. Nyuma yake Idarusi, kalibeba begi kubwa la kijani, anacheka na kila mtu. Pale uwanjani hakuwa mgeni: alikuwa wakala wa vifurushi wa kampuni ile ile. Wafanyabiashara wa mtaa wa Ngamiani walimletea mizigo yao, yeye akaisafirisha Pemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashallah, sare imekukaa weye! Haya, nipande wapi?"

Bi Mize alikuwa keshainua mguu mmoja. Shadya akamwahi.

"La, mama, wewe pita tu. Nimeshaandika."

"Umeshaandika? Umejuaje?"

"Usijali, mama."

Bi Mize akamtazama, akaitazama mizani, akashusha mguu. Shadya aliona anajikaza asionyeshe haya zake, akamhurumia. Akaandika sabini. Akaandika kumi na tano. Idarusi alilibwaga begi kwenye toroli yeye mwenyewe, akamkonyeza mchumba wake, akatoka nje. Moyo wa Shadya ulikuwa mweupe kabisa. Alijiona keshakuwa mkwe mwema, tena kabla ya ndoa.

Robo saa baadaye abiria wote walikuwa wameketi ndani ya ndege. Kapteni Noa, rubani, ana mazoea ya kupakia mizigo kwa mikono yake. Akachukua begi la kwanza, la pili, la tatu. Alipolishika lile la kijani, halikuja. Akalishika kwa mikono miwili, akalishusha chini, akarudi nalo kaunta analiburuta.

"Nani kapima hili?"

"Mimi, Kapteni."

"Ulilipima au uliliangalia?"

Shadya akaitazama karatasi yake: kumi na tano.

"Dada Praxeda," Kapteni Noa aliita bila kupandisha sauti, "nashusha watu wote. Tunapima upya, abiria na mizigo."

Watu kumi na wawili wakarudi ndani, wengine wananuna, wengine wanachungulia saa. Mzee mmoja alilalamika kuwa wanarudishwa kama wanafunzi wasiolipa ada. Safari hii aliyesimama penye mizani ni Dada Praxeda mwenyewe. Huyu alizaliwa na kukulia kambi ya mkonge kule Muheza, na tangu utoto alimwona baba yake akipimiwa kazi yake kila jioni. Kwenye vipimo hana mchezo.

"Mama, samahani, naomba upande."

"Wala usiniombe samahani," alisema Bi Mize, akapanda juu ya mizani mbele ya wanaume saba, ametulia tuli. "Kule kwetu Chake nilipokuja walinipima, nikatoka sabini na moja. Hapa nikashangaa sipimwi. Nikasema pengine Tanga ndivyo mlivyo."

Mizani ikasoma sabini na moja.

Kumbe mwanamke huyu hana haya na mizani. Kumbe alikuja kwa ndege hiyo hiyo, na kupimwa akapimwa, na yeye Shadya, mtu wa kaunta, hakukumbuka kujiuliza hata hilo.

"Begi sasa."

Hamsini na tatu.

"Haliwi langu," Bi Mize alisema. "Miye nina kanga, na mikate ya ajemi, na dawa zangu za presha. Lifungueni."

Wakalifungua. Juu kulikuwa na kanga na mikate. Chini ya kanga kulikuwa na spea za pikipiki: minyororo, gia, na kitu cha chuma kilichofungwa kwenye gazeti ambacho Kapteni Noa alikitambua kuwa ni kichwa cha injini. Mikate imebonyea yote.

"Kilo thelathini na nane zaidi, na zote nilikuwa naziweka mkiani," alisema Kapteni Noa. Alikuwa anamwambia Shadya peke yake. "Unajua ndege hii ikizidiwa mkiani inafanya nini wakati wa kuruka?"

"Najua."

"Nani alikwambia uandike kumi na tano?" Dada Praxeda aliuliza.

Shadya alimpenda Idarusi, na hili halina haja ya kuzungushwa. Miaka miwili alimpenda, na hata dakika ile wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba lazima kuna maelezo. Idarusi mwenyewe alikuwa keshaitwa, amesimama hatua nne kutoka kaunta, simu mkononi.

"Idarusi," alisema mama yake, "hivi vyuma vya nani?"

"Vya mteja, mama. Juzi kapteni alisema vifurushi vimejaa, na mteja kanibana. Nikasema nivitie humo, watavipima, wakivikataa basi."

"Ulimwambia huyu mchumba wako asipime?"

"Mimi?" Idarusi akacheka kidogo. "Mimi nimeleta begi tu. Mizani ni kazi yake. Pengine kakosea kusoma, bado mgeni."

Akainamisha uso kwenye simu, kidole gumba kikaenda mbio. Simu ya Shadya ikatetemeka chini ya kaunta. Ni yeye, hatua nne pale.

"Futa meseji zote sasa hivi. Sema ulikosea. Wewe ni mgeni watakusamehe, mimi wakininyang'anya uwakala nimekwisha. Tunaoana mwezi ujao, nifikirie na mimi."

Shadya aliusoma mara moja. Ulimuuma kuliko maneno yale ya hadharani, maana maneno ya hadharani mtu anaweza kusema kwa kubabaika. Huu aliuandika ametulia, na nukta kaweka.

"Nani huyo?" Bi Mize aliuliza.

"Mwanao, mama."

"Anasemaje? Nisomee, miwani yangu imo begini humo chini ya vyuma."

Idarusi akapiga hatua. "Shadya, hayo mambo yetu wawili."

"Nisomee," Bi Mize alirudia.

Shadya akasoma. Alianza na ule wa saa mbili na dakika kumi, akaja wa pili, akamalizia na huu wa sasa. Alisoma kwa sauti ile ile aliyofundishwa ya kutangazia safari, maana nyingine haikumjia. Yule mzee aliyelalamika alisogea karibu asikie.

Bi Mize hakumpigia kelele mwanawe. Alizitoa kanga zake moja moja, akazikung'uta, akamwomba Dada Praxeda mfuko.

"Miaka thelathini nauza karafuu," alisema. "Nimepimiwa na watu wema na watu wabaya. Miye nione haya ya mizani? Haya zako umezivika jina langu, Idarusi. Tena ungeniketisha humo ndani niruke na hivyo vyuma vyako."

"Mama, sikujua kama..."

"Weye wakala wa vifurushi. Kama hukujua weye, nani ajue?"

Ndege iliondoka kwa kuchelewa dakika hamsini. Bi Mize akakaa kiti cha pili kutoka mbele, mikate iliyobonyea mapajani. Spea zikabaki sakafuni, na Idarusi akabaki nazo.

Dada Praxeda akamwita Shadya ofisini na kumpa karatasi tupu.

"Andika kilichotokea."

"Niandike kwamba yeye ndiye aliyeniambia?"

"Andika kilichotokea. Wewe ulifanya nini?"

Shadya aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Mwishowe zilibaki sentensi tatu, na ya kwanza ilisema: Niliandika uzito ambao sikuupima. Jina la Idarusi lilikuwa kwenye ya tatu. Dada Praxeda akaisoma, akavua miwani.

"Ungesema ulikosea kusoma, ningekufukuza leo. Mtu asiyejua kusoma mizani sina haja naye."

"Na mimi niliyedanganya?"

"Wewe unaanza upya. Siku ya kwanza ni kesho. Themanini na moja zimekwenda na maji. Unakubali?"

"Nakubali, dada."

"Na uwakala wake umeisha leo. Hilo si kwa ajili yako, usijibebeshe."

Alasiri, Shadya akiwa chumbani kwao Nguvumali amelia hadi kichwa kinamuuma, Bi Mize alipiga simu.

"Tumefika salama. Umekula?"

"Bado, mama."

"Kula. Nisikilize sasa. Mwanangu keshakupigia?"

"Mara kumi na saba. Sijapokea."

"Atakwambia alifanya kwa ajili ya harusi. Kweli, alitaka harusi nzuri. Miye simtetei wala simtupi, nimemzaa. Lakini pete hiyo uliyovaa ni yangu, nilivishwa na marehemu baba yake. Ukikaa nayo, ni halali yako. Ukitaka kuirudisha, niletee mwenyewe. Usimpe Idarusi. Atakuja kuniambia umeipoteza."

Shadya akacheka huku analia, jambo ambalo hakulitegemea.

"Mama, nikiirudisha utachukia?"

"Nitahuzunika. Kuchukia ni jambo jingine."

Siku tisini ni nyingi kwa mtu anayezihesabu mara ya pili. Shadya alipima watu na mizigo, asubuhi na alasiri. Alimpima sheikh, alimpima padri, alimpima bibi harusi mmoja aliyegoma kuvua taji. Idarusi alituma meseji za asubuhi, za kuomba radhi, za kukumbusha siku walizokula mihogo ufukweni Raskazoni. Zilimgusa, asiseme mtu hazikumgusa. Kuna jioni mbili alianza kujibu. Kila alipoanza, aliikumbuka ile nukta.

Barua ya ajira ikaja siku ya tisini na moja. Wiki hiyo hiyo akaomba tiketi ya mfanyakazi, akapanda mizani, sitini na tatu, akaenda Chake asubuhi na kurudi alasiri. Bi Mize aliipokea pete, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Walikula pamoja, na Shadya alipoondoka alifungiwa mikate ya ajemi sita.

Jumanne iliyofuata, kwenye foleni ya kwenda Pemba, wa nne alikuwa Idarusi. Amekonda kidogo, amenyoa, kashika mkoba mdogo.

"Shadya."

"Kitambulisho."

Akatoa. "Mama kaniita. Anasema nirudi nyumbani tuzungumze."

"Vizuri. Panda mizani."

"Mwezi ule ungepita kwa amani, leo tungekuwa..."

"Panda, kaka Idarusi. Watu wanasubiri."

Akapanda. Tarakimu zikacheza, zikatulia. Sabini na sita. Idarusi akamtazama kwa lile tabasamu lake, lile lile lililomchukua Shadya miaka miwili nyuma, akasema kwa sauti ya chini:

"Niandikie sabini."

Ilikuwa mzaha, na mzaha wenyewe haukuwa mbaya. Mwili wote wa Shadya ulitaka kucheka naye. Akainama, akaandika sabini na sita, akaupima mkoba, akaandika nne, akamkabidhi pasi yake ya kupandia.

"Kiti cha tatu kulia. Safari njema."

"Basi ndiyo hivyo?"

Shadya akatazama nyuma ya bega la Idarusi, kwa mama mmoja aliyebeba mtoto na kikapu.

"Anayefuata!"